Nyama ya Sungura kwa Mwenye Tumbo la Kuchagua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafuga sungura nyuma ya nyumba na kuwauzia nyama majirani. Tumbo langu mwenyewe ni la kuchagua: likikosewa kidogo hujaa gesi, hunguruma, au hunikimbiza chooni kabla sahani hazijaoshwa. Kwa hiyo maswali haya nayapata pande zote mbili, kwa wateja wanaobisha hodi na kwenye sufuria yangu. Mimi si daktari. Nilipimwa, nikaambiwa nina utumbo mwepesi kukereka, ule ambao hospitali huuita IBS, mtaalamu wa lishe akanifundisha mlo wake, na tangu hapo najipikia.

Ni kweli nyama ya sungura ni nyepesi kwa tumbo?

Kwa watu wengi, ndiyo, na sababu kubwa ni uchache wa mafuta. Gramu 100 za nyama mbichi ya sungura wa kufugwa zina protini gramu 20 hivi na mafuta kama gramu 5 na nusu. Ikichemshwa na maji yake kupungua, gramu 100 hizo huwa na protini karibu gramu 30 na mafuta gramu 8. Chakula chenye mafuta mengi hukawia tumboni, na kikishuka huuchochea utumbo ujikaze. Mtu mwenye utumbo wa kawaida hahisi kitu. Sisi tunahisi kila mkazo.

Sababu nyingine ni umri. Sungura wa nyama huchinjwa akiwa na miezi mitatu hadi minne, misuli yake haijakomaa, kwa hiyo hutafunika vizuri. Nyama iliyotafunwa vizuri ni nusu ya kazi imekwisha.

Lakini sitakudanganya kwa sababu nauza. Kuku wa kisasa aliyetolewa ngozi, au sato wa kuchemsha, watakufanyia kazi hiyohiyo. Kama mtaani kwenu sungura ni ghali au hapatikani, hujakosa dawa. Faida yake moja ambayo huwa naitaja ni vitamini B12, iliyo nyingi kwenye nyama hii kuliko kwenye kuku. Kwa mtu aliyeacha vyakula vingi kwa kuogopa tumbo, hilo si jambo dogo.

Mbona mimi nilikula rosti ya sungura nikalala na gesi usiku kucha?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu huanza kwa swali: rosti hiyo ilikuwa na vitunguu vingapi?

Nyama yenyewe haina wanga wa kuchachuka. Gesi inayokuja saa chache baada ya kula mara nyingi hutoka kwenye mchuzi. Kitunguu maji na kitunguu saumu vina wanga uitwao fruktani. Utumbo mwembamba wa binadamu, wako na wangu na wa yule asiyeumwa, hauna kimeng'enya cha kuuvunja. Wanga huo hupita mzima mpaka utumbo mpana, bakteria wanaoishi huko wanauchachua, gesi inazalika, na kwa kuwa wanga huo huvuta maji, choo kinakuwa chepesi. Tofauti yetu na wengine ni kwamba mishipa ya fahamu ya utumbo wetu hupiga kelele kwa gesi ambayo mwingine angeipuuza.

Fruktani ni kundi moja tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia, wakiwemo Peter Gibson na Sue Shepherd, waliyakusanya makundi ya wanga wa namna hii wakayapa jina la FODMAP, na mwaka 2005 jina hilo likaanza kuonekana kwenye maandishi ya kitabibu. Mlo wao una hatua tatu. Kwanza unapunguza vyakula vyote vyenye wanga huo kwa wiki mbili hadi sita. Kisha unavirudisha kimoja kimoja ukijipima. Mwisho unabaki umeacha vile tu vilivyokuumiza. Wengi huishia hatua ya kwanza wakakaa humo miaka, wakikonda bila sababu. Tafadhali usifanye hivyo.

Kwa hiyo nipike bila kitunguu? Mchuzi utakuwa na ladha gani?

Utakuwa na ladha, tena nzuri, ukijua jambo moja: fruktani huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta.

Maana yake ni hii. Ukitia kitunguu kizima kwenye supu halafu ukakitoa kabla ya kupakua, umechelewa, kilichokudhuru kimeshaingia kwenye supu. Lakini ukikaanga punje nzima za kitunguu saumu kwenye mafuta matupu mpaka zibadilike rangi, ukazitoa zote, ndipo ukatia nyama na maji, harufu na ladha vimebaki na fruktani imetoka na punje. Fanya hivyo kwa mafuta ya siku hiyo. Usiyaweke mafuta ya kitunguu saumu kabatini siku na siku, kwa sababu bakteria wa sumu ya botulizimu hustawi mahali kama hapo pasipo na hewa.

Badala ya kitunguu maji, tumia majani ya kitunguu, ile sehemu ya kijani peke yake. Sehemu nyeupe ya chini iache. Tangawizi, bizari ya manjano, hiliki, mdalasini, giligilani na ndimu havina shida kwa wengi wetu. Pilipili kichaa ni habari nyingine: haina fruktani, ila huchokoza utumbo wenyewe, kwa hiyo ipime peke yake siku nyingine.

Na soma nyuma ya pakiti za viungo vya mchuzi na vidonge vya supu. Nyingi zina unga wa kitunguu. Mteja wangu mmoja aliacha vitunguu wiki tatu nzima, akanijia amekata tamaa: "Dada, nimeacha kila kitu na bado tumbo ni ngoma." Tukakaa barazani tukapitia alichopika siku hadi siku. Kila sufuria ilikuwa na kijiko cha viungo vya pakiti.

Unampikaje wewe?

Sungura aliyekwisha kuchunwa na kusafishwa, wa kilo moja na kidogo, namkata kwenye viungo: mapaja mawili, miguu ya mbele miwili, mgongo vipande vitatu au vinne. Simpigi panga ovyo. Mifupa ya sungura ni myembamba, ikipigwa hupasuka vibanzi vyenye ncha, na kibanzi kimoja kikimkwama mtoto kooni mlo umeharibika. Kisu kikipita kwenye maungio, mfupa unatoka mzima.

Juu ya mgongo kuna utando mweupe unaong'aa. Uingizie ncha ya kisu chini yake, uvute polepole, utatoka kama karatasi. Ukiuacha, nyama hujikunja na kuwa ya mpira. Mafuta ya tumboni na yale yanayozunguka figo nayatoa.

Napaka chumvi, ndimu na tangawizi iliyotwangwa, nikaiacha saa moja. Kisha naibandika na maji yasiyofika juu ya nyama, nafunika, moto mdogo. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu nyama isiyo na mafuta ikichemka kwa fujo hukauka ndani ya maji yake mwenyewe. Sungura kijana huchukua saa moja, mzee saa moja na nusu au zaidi. Bonyeza paja kwa kijiko: nyama ikianza kuachia mfupa, imeiva.

Kwenye sufuria nyingine, kijiko kimoja cha mafuta na zile punje za saumu za kukaanga na kutoa. Halafu bizari, karoti zilizokatwa vipande, nyanya moja, nyama na supu yake. Majani ya kitunguu yaingie mwisho. Kama unapenda nazi, tia kikombe nusu cha tui jepesi. Lile tui la kwanza, kasimile, waachie wengine mezani. Ni mafuta mengi kwa mkupuo mmoja.

Kuchoma kunawezekana kwa sungura kijana, ila mpake mafuta kidogo na usimwache juu ya mkaa mpaka awe mweusi. Kukaanga kwenye mafuta mengi kunaiondoa ile sababu iliyokufanya umtafute sungura.

Nile kiasi gani?

Kipande cha ukubwa wa kiganja chako bila vidole, yaani gramu 100 hivi za nyama iliyoiva, kinatosha mlo mmoja. Mara mbili au tatu kwa wiki, ukipishanisha na samaki, kuku na mayai.

Nasisitiza kupishanisha kwa sababu kuna watu wakiona chakula hakijawaumiza hukila hichohicho asubuhi na jioni. Nyama kavu peke yake ina hatari iliyojulikana zamani. Mvumbuzi wa nchi za mbali, Vilhjalmur Stefansson, aliyeishi na Wainuiti, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, aliandika kuhusu watu wanaobaki kula sungura tu wakati wa dhiki: wanakula matumbo yanajaa lakini hawatosheki, na baada ya siku kadhaa wanaharisha, kichwa kinawauma, wanadhoofika, na hamu yao yote ni mafuta. Mwaka 1928 alikubali kuchunguzwa katika hospitali ya Bellevue, New York. Siku za mwanzo alipewa nyama isiyo na mafuta, akaugua tumbo vilevile alivyokuwa ameeleza. Alipoongezewa mafuta, akapona. Ini lina kikomo cha protini linayoweza kuishughulikia kwa siku. Nishati iliyobaki lazima itoke kwenye mafuta na wanga.

Kwa hiyo kijiko cha mafuta kwenye mchuzi si dhambi, na ugali au wali pembeni ni lazima.

Nile pamoja na nini?

Wali mweupe, ugali wa sembe, viazi mviringo, au ndizi za kupika zikiwa mbichi. Ndizi mbivu sana ndiyo huanza kuleta shida. Mboga: mchicha, karoti, bamia chache, matango. Tunda: papai au chungwa.

Wakati wa ile hatua ya kwanza weka kando maharage, kunde, chapati na maandazi ya ngano, embe, tikiti maji, na maziwa kama yanakuchafua tumbo. Maharage ndiyo huwaumiza watu moyo, najua. Yatarudi. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, anza na vijiko viwili.

Nina vidonda vya tumbo. Sungura ataniponya?

Hapana. Na hapa nataka tuelewane, kwa sababu kwetu kila maumivu ya juu ya kitovu huitwa vidonda vya tumbo, mtu akanunua dawa ya kupunguza asidi dukani akaendelea miaka.

Vidonda vingi vya kweli husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia ndio waliolithibitisha hilo wakati ambapo madaktari walilaumu mawazo na pilipili. Marshall alifika hadi kunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Kipimo kipo, cha choo au cha pumzi, na tiba ni antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa muda utakaopangiwa na daktari na bila kuruka siku. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinazomezwa kila mgongo ukiuma.

Nyama laini ya kuchemsha inaweza kuwa chakula cha starehe kwako wakati unatibiwa. Haiui bakteria.

Nyama ya ng'ombe hunidhuru. Ya sungura itakuwa salama?

Inategemea inavyokudhuru. Kama ni uzito na kichefuchefu baada ya nyama ya mafuta, huenda sungura akakufaa sana. Lakini kama saa chache baada ya kula unatoka vipele, midomo inavimba, au kifua kinabana, usijijaribie nyumbani. Kuna mzio unaoanza kwa kuumwa na kupe, ambapo mwili huikataa sukari iitwayo alfa-gali iliyomo kwenye nyama ya wanyama wanaonyonyesha. Sungura ni mmoja wao, kwa hiyo kumhamia hakukusaidii. Samaki na kuku hawana sukari hiyo.

Mwenye jongo, au gauti kama wengi wanavyoiita, apunguze sungura kama anavyopunguza nyama nyingine.

Mtoto anaharisha. Nimpe supu ya sungura?

Kwanza ORS, ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, na kwa mtoto vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mtoa huduma atakavyoelekeza. Supu haina mizani ya chumvi na sukari inayohitajika kurudisha maji mwilini. Akishaanza kunywa vizuri, supu nyepesi isiyo na mafuta pamoja na wali laini ni chakula kizuri. Usimnyime chakula kwa kuogopa kuhara.

Eti ni kweli sungura hula kinyesi chake?

Ni kweli, na haina ubaya. Sungura ana aina mbili za choo. Ile unayoiokota bandani ni mikavu, ya mviringo. Nyingine ni laini, imeshikamana kama kishada kidogo, na huimeza moja kwa moja inapotoka. Chakula chake kimechachuka kwenye utumbo, bakteria wametengeneza vitamini za kundi B na protini, naye anakipitisha mara ya pili ili asizipoteze. Ng'ombe hucheua, sungura ana njia yake. Haileti harufu wala uchafu kwenye nyama.

Nitambueje nyama nzuri?

Nyama iwe ya waridi hafifu, mafuta yake meupe, isiyonata mkononi. Sungura hai wa kilo mbili hadi mbili na nusu akichinjwa hubaki karibu nusu ya uzito huo. Muulize mfugaji kama alimpa dawa karibuni, na kama ndiyo, muda wa kusubiri dawa imtoke mwilini umekwisha? Mfugaji asiyekereka kwa swali hilo ndiye wa kurudi kwake.

Tazama ini. Likiwa na madoa meupe meupe, mara nyingi ni koksidia, ugonjwa wa sungura wenyewe usioambukiza watu, lakini ini hilo mimi hulitupa na wewe litupe. Sungura wa porini sipendekezi kwa mwenye tumbo nyeti: hujui alichokula wala alichokuwa anaumwa, na kuwachuna bila glavu kunaweza kuambukiza magonjwa. Nyama yoyote ya sungura iive mpaka ndani, nyuzi 71 kama una kipimajoto. Kama huna, pasibaki rangi ya damu karibu na mfupa.

Dini inasemaje?

Kwa Waislamu wa Kisunni ni halali. Swahaba Anas bin Malik amesimulia walivyomkimbiza sungura huko Marr al-Dhahran, Abu Talha akamchinja, akampelekea Mtume (s.a.w.) paja, naye akapokea. Mashia Ithnaasheri hawamli. Wasabato pia hawamli, kwa kufuata Walawi 11:6. Ukialika wageni, waulize kabla ya kubandika sufuria.

Ni lini niache kujaribu vyakula niende hospitali?

Leo, kama kuna damu kwenye choo au choo ni cheusi kama lami. Leo, kama unapungua uzito bila kukusudia, unaamshwa na tumbo usiku, una homa, chakula kinakwama kikishuka, unatapika mara kwa mara, au umeambiwa damu ni pungufu. Pia kama umevuka miaka 45 na tabia ya choo imebadilika ghafla. Hayo si ya IBS mpaka daktari atakapothibitisha, na mlo wowote, wa sungura au wa malaika, utakuchelewesha tu.

Nitajuaje kama ni sungura au ni kitu kingine?

Andika. Chukua daftari la shule, siku moja mstari mmoja: ulichokula, saa ngapi, tumbo lilifanyaje. Kwa siku mbili tatu kula sungura aliyechemshwa kwa chumvi, tangawizi na karoti tu, na wali. Tumbo likitulia, ongeza kitu kimoja. Kimoja tu, na usubiri siku tatu.

Daftari langu la mwanzo bado ninalo, lina doa la mafuta kwenye jalada. Jumanne: paja, wali, karoti, sawa. Jumatano: hivyohivyo, sawa. Ijumaa: paja, wali, karoti, nusu kitunguu, saa nne usiku gesi, nimelala kwa ubavu. Wiki iliyofuata niliirudia Ijumaa ile kila kitu vilevile, nikaweka kuku mahali pa sungura. Saa nne usiku gesi ikaja.